Figo za Mbuzi Wazima

Garissa, Jumanne, Machi 1996

Joto la leo halina adabu. Asubuhi mapema tu mabati ya maabara yalikuwa yameshaanza kulia, na upepo uliotoka upande wa mtoni ulituletea vumbi peke yake, ubaridi ukauacha hukohuko. Sina furaha wala huzuni. Nimekaa kama mtu aliyeambiwa habari za msiba wa jirani asiyemjua vizuri. Maghrib imeadhiniwa punde hivi, nimeswali, na nataka kuiandika siku hii kabla sijaanza kuipamba.

Kazi yangu, kwa asiyeijua, ni kuwatia mbuzi ugonjwa.

Nawadunga tapentaini begani, chini ya ngozi. Ni yaleyale mafuta ambayo wapaka rangi huchanganyia rangi zao. Baada ya muda bega linavimba, linawaka moto, linauma, na mbuzi anaanza kuchechemea. Nikisharidhika kwamba amevimba vya kutosha, anachinjwa, nami nachukua figo zake, nazisaga ndani ya barafu, kisha napima vimeng'enya vilivyomo. Kimeng'enya ni kitu kidogo sana ndani ya mwili kinachoharakisha kazi, kama mpishi anayejua chungu kipi kianze. Hiki ninachokipima mimi hugeuza maji ya dawa yangu kuwa ya manjano. Kikiwa kingi, manjano inakolea. Kikipungua kwa sababu figo imeumia, manjano inafifia.

Swali langu ni dogo. Bega likiwaka moto, figo, ambayo iko mbali na bega, inapata habari?

Kule Nairobi, chuoni, tulipojaribu kwa mbuzi wachache, ilipata. Manjano ya wagonjwa ilififia, ya wazima ikabaki imekolea. Profesa wangu akafurahi, akanituma huku nijaribu kwa mbuzi wa wafugaji wenyewe, wanaokula miiba na kunywa maji wakiyapata. Nikaja na masanduku yangu, nikapewa chumba kwenye kituo cha mifugo, boma lenye kivuli kidogo, na friji ya mafuta taa ambayo ina tabia zake. Kule kwetu Hola mama huwaambia watu kwamba mwanawe anasomea mafigo ya mbuzi. Wanacheka, naye anacheka nao, ila najua moyoni anauliza nitamaliza lini.

Nusu ya mbuzi wangu hupata tapentaini. Nusu nyingine hudungwa maji ya chumvi tu, ambayo hayamdhuru mtu. Hao ndio wazima, kundi la kulinganisha. Bila wazima, huwezi kusema lolote kuhusu wagonjwa. Ni kama kumwita mtu mrefu kabla hujamwona mwingine.

Sasa, tangu nianze hapa Garissa, wazima wangu wamekataa kuwa wazima. Manjano ya wagonjwa imefifia, sawa, nilitarajia. Lakini na ya wazima imefifia vilevile. Nimelaumu barafu, kwamba inayeyuka njiani kutoka hotelini ninakoinunua. Nimelaumu friji. Nimelaumu jenereta, dawa, mikono yangu mwenyewe. Hata joto la mwili wa wale wazima, kila nikipima, lilikuwa juu kidogo, nikalaumu jua. Jua la hapa limezoea kulaumiwa.

Jana nilimpigia Profesa simu kutoka posta. Nilidhani atanigombeza. Badala yake akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka, kwamba kutokuona tofauti nako ni matokeo. Niandike hivyo: kwamba kwa mbuzi wa huku, uvimbe wa begani hauifikii figo. Atakuja Alhamisi, tuchinje wale wanne waliobaki mbele yake, tufunge hesabu, nikatetee tasnifu yangu kabla muhula haujaisha. Muhula huu ndio wa mwisho niliopewa. Ukipita, jina langu linafutwa, nami narudi kuosha chupa za maabara za watu wengine.

Nilitoka posta nikiwa mwepesi. Nilinunua chapati mbili na chai ya maziwa ya ngamia, nikaketi nikala kama bibi harusi.

Nimwandike sasa Adeer. Jina lake ni Shide, ila kila mtu hapa kituoni humwita Adeer, yaani baba mdogo, kwa heshima ya ndevu zake zilizotiwa hina. Kwao ni Hulugho. Ukame ulimlia mifugo wote, akabaki na kuchunga mbuzi wa serikali na sasa wa kwangu. Yeye ndiye anayewalisha, anayewanywesha, na ndiye anayewachinja. Wazima huchinjwa kwanza, na nyama yao hugawiwa watu wa mtaani, ambao hunitania kwamba binti wa Hola ananunua mbuzi mzima ili ale figo tu. Wagonjwa huchinjwa baadaye, kwa bismillahi ileile, kisha hufukiwa shimoni kwa sababu ya ile tapentaini. Adeer halipendi lile shimo. Kila tukifukia hujiweka mbali na kunyamaza, na siku hiyo chai yangu haanzi kuinywa mpaka ipoe.

Siku ya kwanza nilimweleza kazi kwa utaratibu. Nilijua desturi za hapa, sikuzaliwa jana. Najua kwamba mfugaji akiona mnyama ameugua, wa kwanza kuitwa ni moto. Chuma kinatiwa kwenye makaa mpaka kiwe chekundu, kisha mnyama anachomwa mistari mahali pa ugonjwa. Hata watu huchomwa, na wengi hapa wana alama tumboni au kichwani. Kwa hiyo nilimwambia waziwazi: Adeer, hawa ninaowadunga wataugua, na wagonjwa wasiguswe. Wasipewe dawa, wasipewe majani, wasichomwe moto. Waache waugue. Akasema amesikia. Nami nilijisifu kwamba nimefunga kila mlango.

Wazima sikuwataja. Nani humkataza mtu asimtibu mzima?

Tena lazima niseme jambo kuhusu mimi. Sipendi kuona kuchinjwa. Nimekulia penye kuchinjwa, si kwamba ni mgeni wa kisu, ila mbuzi niliyempima joto kila asubuhi ni vigumu kumtazama. Basi huwa nasimama nyuma ya maabara na kisanduku changu cha barafu, nimewapa mgongo. Adeer anachinja, shemeji yake anashika miguu, wanachuna ngozi, kisha naitwa napewa figo kwenye bakuli. Nilikuwa nikijiambia kwamba huko ni kutulia kwa kisayansi.

Leo shemeji hakuwapo. Amekwenda Liboi kwenye mazishi. Tulikuwa na mbuzi mzima mmoja wa kuchinja kabla ya wale wanne wa Alhamisi, na miguu haijishiki yenyewe. Nikafunga leso kiunoni, nikaenda.

Mnyama hulazwa ubavu wa kushoto, kichwa kuelekea kibla. Tulimlaza. Nilishika miguu yote kwa pamoja, nikaivuta kwangu ili asirushe, na kwapa la mguu wa mbele likafunguka mbele ya uso wangu. Pale ambapo hakuna manyoya mengi niliona mistari mitatu. Minene, imefanya magamba pembeni, na katikati bado mibichi, inatoa maji. Nilisikia bismillahi, nikahisi miguu ikitikisika mikononi mwangu, ikalegea. Sikuwa nimegeuza uso, na sikuwa nikimtazama mbuzi. Nilikuwa nikiitazama tasnifu yangu.

Tulipomaliza nilinawa, nikaenda bomani, nikawalaza mmoja mmoja wale wazima wawili waliobaki. Mistari mitatu, mistari mitatu. Wale wagonjwa wawili walikuwa safi kabisa, hakuna alama hata moja, isipokuwa mabega yao yaliyovimba, ambayo ni kazi yangu.

Nilimwuliza Adeer kwa upole. Hasira haikunijia, sijui kwa nini.

"Dakitari, wewe alisema wagonjwa siguse," akanijibu. "Mimi siguse. Wallahi hata moja."

"Na hawa wazima?"

"Hawa iko mzima, lakini nalala boma moja na ugonjwa. Mimi nachoma kidogo tu, bahali ya kujificha, isiharibu ngozi. Ugonjwa ikiona moto inabita mbali." Kisha akaongeza, na hapo niliona fahari machoni pake: "Angalia mwenyewe. Tangu kwanza kuna moja ya hawa nafimba bega? Hakuna."

Ilikuwa kweli. Hakuna mzima hata mmoja aliyewahi kuvimba bega. Kwa hesabu yake, dawa ilikuwa imefanya kazi bila kukosea.

Nilitaka kucheka. Nikajaribu kumweleza kwamba ule uvimbe si wa kuambukiza, kwamba unatoka kwenye chupa yangu. Akasema anajua unatoka kwenye chupa, lakini ugonjwa ukishaingia bomani hauna tena mwenyewe. Alikuwa ametenda kwa nia njema, akasema, na Mungu huangalia nia. Sikubishana naye. Figo tu ndiyo haina habari na nia ya mtu. Nyama imeungua chini ya kwapa, jeraha limevimba, mwili umewaka, na figo imepata habari kama ilivyozipata za begani. Tapentaini au chuma, kwake ni mamoja.

Kwa hiyo sikuwa na wagonjwa na wazima. Nilikuwa na wagonjwa wangu na wagonjwa wa Adeer.

Niliingia maabara nikasaga zile figo za leo, kwa mazoea tu. Manjano ilikuwa hafifu. Kwa mara ya kwanza tangu nifike hapa, ilikuwa hafifu kwa sababu ninayoijua.

Hapo ndipo wazo lilipokuja, na naliandika lilivyo. Niliwaza: nikinyamaza, nini kitatokea? Profesa ameshakubali. Tofauti hakuna, imeandikwa, inatetewa, napewa joho, mama anapika pilau. Adeer anaendelea na kazi yake. Hakuna aliyedanganya, maana namba zenyewe ni za kweli, nilizisoma kwa macho yangu. Na wakati huo kitabu changu kitakaa kwenye rafu, kikisema kwamba mnyama wa huku akivimba bega figo zake hazina neno. Kuna siku mganga wa mifugo wa Bura au wa Liboi atasimama mbele ya ng'ombe mwenye jipu, na sindano ya dawa ambayo lazima itolewe mwilini na figo, atakumbuka alichofundishwa, ataijaza sindano mpaka juu. Ng'ombe atakufa wiki ya pili, na mwenye mali atasema ni kudra. Mimi nitakuwa nimekaa ofisini na cheti changu ukutani.

Niliogopa. Sioni haja ya kulizungusha. Niliogopa kurudi Hola mikono mitupu, na niliogopa zaidi jinsi wazo la kunyamaza lilivyonikaa vizuri, kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo changu.

Baada ya adhuhuri nilikwenda posta. Foleni ilikuwa ndefu. Mbele yangu kulikuwa na mama kutoka kambi za Dadaab aliyekuwa akimtafuta kaka yake kwa simu tangu asubuhi, mji mmoja baada ya mwingine. Alipokosa tena aliniachia nafasi, akasema atapumzisha kidole. Nilipompata Profesa nilimweleza yote, moto, makwapa, kila kitu. Nilizungumza haraka ili nisipate nafasi ya kubadili.

Nilisikia akifunga mlango wa ofisi yake.

Kisha akauliza, "Nani mwingine anajua?"

Nikamwambia, Adeer.

"Yeye haandiki tasnifu," akasema. Sauti yake haikuwa ya mtu mbaya, ilikuwa ya mtu anayetaka kumsaidia mwanafunzi wake aliyezeekea chuoni. Akasema fedha za mradi zimekwisha, hakutakuwa na mbuzi wengine. Akasema huyo mchungaji aondolewe leo hii, kimyakimya. Akasema nisiguse kitu mpaka Alhamisi, tuchinje wanne wetu, halafu tutaona la kuandika. Nilijua "tutaona" hiyo maana yake nini. Nami, Mungu anisamehe, nilijibu, "Sawa, Profesa."

Njiani nilijisikia mtu mdogo sana.

Alasiri nilikwenda bomani nimwambie Adeer kwamba kazi yake imekwisha. Nilikuwa nimepanga maneno. Nilimkuta amechuchumaa karibu na mmoja wa wagonjwa, yule jike mweupe mwenye pembe moja fupi, ambaye bega lake limekuwa kubwa kama boga. Hakumgusa. Alikuwa akimpungia nzi kwa kipande cha boksi, kwa sababu nzi sikuwataja katika makatazo yangu.

Kabla sijafungua mdomo aliniuliza yeye. Alikuwa amelifikiria tangu asubuhi.

"Dakitari. Hawa mimi nachoma. Mimi naumiza wao ndani?"

Ningeweza kusema hapana. Ni mzee, na nimekwisha sema uongo mdogo kuliko huo kwa watu wadogo kuliko yeye.

"Ndiyo, Adeer," nikamwambia. "Figo zao zimeumia. Sawasawa na hawa wagonjwa."

Akatikisa kichwa polepole. Akasema "Astaghfirullah" kwa sauti ya chini, mara kadhaa, naye anawatazama wale wawili wenye mistari. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeambiwa amemkanyaga mtoto. "Mimi sikujua," akasema.

Kisha akanitazama. Hakukuwa na ubaya wowote katika macho yake, aliuliza kama anayetaka kujua tu.

"Na wewe, sindano yako, wewe najua inaumiza?"

"Najua."

"Tangu kwanza?"

"Tangu kwanza, Adeer."

Akarudi kumpungia nzi yule jike. Mimi nina jibu la swali hilo, tena zuri, nimelitoa mbele ya kamati za chuo mara nyingi: wachache waugue ili wengi wapone. Naliamini mpaka sasa. Ila lina sharti moja, kwamba ugonjwa wa hao wachache ufundishe jambo la kweli. Usipofundisha jambo la kweli, basi nimewaumiza mbuzi tu, tena kwa kujua. Niliposimama pale na jibu langu mdomoni, niliona kwamba sharti hilohilo ndilo ninalotaka kulivunja Alhamisi.

"Kazi imekwisha," nikamwambia. Na hilo halikuwa katika maneno niliyopanga, au lilikuwamo kwa maana nyingine: kazi niliyopanga kuikatisha ilikuwa yake, hii ilikuwa yangu.

"Imekwisha kabisa?"

"Kabisa."

"Basi sasa mimi naweza tibu hawa wagonjwa?" Alikuwa ameshasimama. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye jiko la makaa.

Hapo nilicheka, kwa mara ya kwanza leo. Nikamwambia si kwa moto, tafadhali, moto umetutosha. Akabisha. Tukabishana kama watu wa nyumba moja, yeye na Kisomali chake nami na Kiswahili changu, mpaka tukakubaliana: yeye atashika na kusoma dua, mimi nitapasua. Nilileta wembe, penisilini, na chupa kubwa ya maji ya chumvi. Nilikata pale chini ya uvimbe wa yule jike mweupe. Usaha ulitoka mwingi, ukanirukia leso na miguu, na harufu ya tapentaini ikanipanda kichwani. Mbuzi alilia, kisha akatulia, akaanza kutafuna ncha ya kikoi cha Adeer. Nikaosha, nikaosha tena, nikadunga dawa. Tukaenda kwa wa pili. Baadaye tukawalaza wale wenye mistari, tukawasafisha makwapa, nao tukawadunga.

Adeer alikuwa akiimba kitu kidogo kidogo puani wakati wote huo. Sijawahi kumsikia akiimba.

Nilijua ninachofanya, nisije nikajidai baadaye kwamba nilighafilika. Mbuzi aliyepasuliwa jipu na kupewa penisilini hafai tena kwa kipimo chochote. Hao wanne walikuwa ndio mwisho wa hesabu yangu, na hesabu isiyo na mwisho haitetewi na mtu. Profesa alisema nisiguse kitu. Nimegusa kila kitu.

Nitamwambia kwamba maagizo ya bomani yalikuwa yangu, na kosa la maagizo ni la aliyeyatoa, kwa hiyo akitaka kumwondoa mtu aanze na mimi. Nitamwomba aniruhusu niandike kilichotokea kweli: kwamba moto wa chuma nao unaifikia figo. Huenda akasema hilo si tasnifu, ni hadithi. Ni haki yake.

Kwa mama sijui nitaanzia wapi.

Nimerudi bomani sasa hivi, kabla ya kuandika mstari huu. Yule jike mweupe ameanza kukanyagia mguu wake, si sana, ila anaukanyagia. Keshokutwa Profesa atateremka kwenye gari lake na kisanduku kipya cha barafu, na atakachokikuta hapa ni mbuzi wanne wanaopona.